Omu Kumi na Sita

Mwaka ule fyuzi ya parseli yetu, yaani kiwanja chenye nyumba zetu, ilikuwa inaungua asubuhi. Haikuungua jioni, wakati kila mtu amewasha taa na televisheni na umeme umelegea hata sura ya mtu huioni vizuri. Iliungua asubuhi, umeme ukiwa umejaa, balbu zikiwaka nyeupe. Jambo hilo peke yake lingetosha kunifungua macho tangu siku ya kwanza. Mimi ni mwalimu wa fizikia.

Tulikuwa milango mitatu katika parseli moja ya mtaa wa Kamalondo. Nyumba ya mbele ilikuwa ya mama mwenye parseli, mjane wa mtu wa reli, mwenyeji wa kaskazini ya Katanga, asiyekosa misa ya kwanza ya Jumapili hata mvua inyeshe vipi. Chumba kinachotazama barabara alikipangisha kwa fundi wa nguo, mwanaume wa makamo mwenye cherehani moja na pasi moja ya umeme. Nyuma, katika vyumba viwili vidogo, nilikaa mimi na binti yangu. Mume wangu alikuwa Kasumbalesa juma zima akihangaika na karatasi za malori ya watu mpakani, tukimwona Jumamosi.

Umeme wote uliingia kwa waya mmoja. Ulipita kwenye kaunta katika korido ya mama, na chini ya kaunta palikuwa na fyuzi ya kaure iliyoandikwa ampea kumi. Ikiungua, milango yote mitatu inakufa. Cherehani ya fundi ilikuwa ya kukanyaga, kwa hiyo iliendelea kulia, lakini pasi ilipoa. Kwangu balbu na redio vilizimika. Kwa mama ndiyo ilikuwa kelele, kwa sababu yeye kila asubuhi alibandika maharagwe kwenye jiko la umeme, lile la sahani ya udongo lenye waya uliojikunja kama springi, ambalo sisi tunaliita resho.

Jumamosi moja, baada ya fyuzi kuungua mara ya tatu katika juma lile, mama alituita mimi na fundi koridoni.

"Madame," aliniambia, "weye njo unafundishaka mambo ya courant, ya umeme, kwa masomo. Tuambie leo. Nani anatuunguzia fusible?"

Nilifurahi kuulizwa, lazima nikiri. Darasani wasichana wangu wa mwaka wa nne walikuwa wanasoma sheria ile ile: volti ukizigawanya kwa ampea unapata omu, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia umeme usipite, volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati, yaani nguvu. Walikuwa wananitazama kwa macho ya usingizi. Na hapa, watu wazima wawili wananisubiri niseme.

Nilichukua chaki. Nilienda kwenye resho ya mama, nikageuza sahani, nikasoma kibandiko: volti mia mbili na ishirini, wati elfu moja na mia tano. Nikaenda kwa fundi, nikasoma pasi yake: wati elfu moja. Nikaandika ukutani. Elfu na mia tano gawanya kwa mia mbili na ishirini, ampea sita nukta nane. Elfu gawanya kwa mia mbili na ishirini, nne nukta tano. Jumla, kumi na moja nukta tatu. Fyuzi ni ya kumi.

"Muko munaona?" nilisema. "Resho peke yake inapita. Fer, hii pasi, peke yake inapita. Zikikutana, fyuzi inaungua. Mama hawezi kuacha kupika. Papa, unaweza kupiga fer saa ingine."

Fundi alizisoma namba ukutani. "Madame," alisema polepole, "fer yangu iko na miaka saba hapa. Fusible imeanza kuungua mwaka huu."

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa muhula ule, nami nikalikanyaga. Nilimwambia hesabu haina miaka. Mama akapiga makofi, akasema sasa tunajua, na fundi akakunja waya wa pasi yake.

Kwa kuwa asubuhi ndiyo wateja wake wanapitia nguo kabla ya kazi, hakuweza kungoja saa nyingine. Alitoa pasi ya makala, yaani ya mkaa, iliyokuwa ya baba yake, ile nzito yenye mdomo wa kutolea majivu. Siku ya Jumatatu fyuzi haikuungua, nikatembea kwenda shule kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Siku ya Jumanne cheche ya kaa iliruka ikatua juu ya gauni jeupe la komunyo ya kwanza, kifuani kabisa, ikatoboa. Nilirudi mchana nikamkuta fundi ameshika gauni lile mbele ya dirisha, kidole chake kimetokea upande wa pili.

Siku ya Jumatano fyuzi ikaungua. Pasi ya umeme ilikuwa imelala kabatini, baridi.

Nilisikia mama akisema "Ah!" koridoni. Nikatoka. Fundi naye alikuwa ametoka, amesimama mlangoni pake na tepu ya kupimia shingoni. Aliniangalia tu, kisha akaingia ndani, na cherehani ikaanza kulia kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia. Ningependelea anitukane.

Jioni mume wangu alipopiga simu nilimweleza yote. Alicheka. "Acha mambo ya parseli ya bantu, ya watu wengine," alisema. "Mwambie mama anunue makala." Nilikata simu nikiwa nimekasirika naye, kisha nikakasirika na mimi mwenyewe, maana nilijua kuna kitu kimeniponyoka na sikujua ni kipi.

Nilikipata kwa aibu, siku mbili baadaye, nikisahihisha karatasi za wanafunzi. Nilikuwa nimewapa zoezi: pima volti na ampea za balbu ya tochi, tafuta omu. Wengi wao hawakuwa wamepima kitu. Waliandika namba zilizochapishwa kwenye balbu, wakazigawanya, wakapata jibu safi. Nami kwa wino mwekundu nilikuwa naandika kwenye kila karatasi: *Umepima wapi? Umepima wapi?* Kwenye karatasi ya tisa kalamu ilisimama. Mimi nilikuwa nimepima wapi? Nilisoma vibandiko viwili, nikaviamini kama Injili, nikamnyang'anya mtu pasi yake.

Basi nikaenda kwa préfet, mkuu wa shule, kumwomba multimita, chombo cha kupimia umeme. Shule ilikuwa nayo moja, imefungiwa kwenye kabati ofisini kwake ili isiharibike, na kwa kweli haikuharibika, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Aliniambia niandike barua. Niliandika. Aliniambia barua haikutaja sababu ya kielimu. Niliandika nyingine. Aliniambia katibu hayupo, na mhuri uko kwa katibu. Juma zima lilipita hivyo, na kila asubuhi nilipita mbele ya dirisha la fundi nikitazama chini. Ijumaa mchana akanipa kile chombo ndani ya mfuko wa plastiki, nikatia saini mahali pawili, akanionya: "Madame, Jumatatu saa moja na nusu iko hapa."

Jumamosi asubuhi umeme ulikuwepo, na ulikuwa mzuri. Nilimwomba mama ruhusa ya kupima resho yake. Alikubali. Alikuwa hajui maana yake, na mimi sikumweleza, hilo nalo ni kosa langu. Volti unazipima bila kuharibu kitu, unachomeka tu sindano mbili kwenye tundu la ukutani. Ilionyesha mia mbili na kumi na nane. Lakini ampea haziji hivyo. Ili uzihesabu lazima umeme wenyewe upite ndani ya chombo, na ili upite ndani lazima uukate waya njiani na kukiweka chombo katikati. Nilichomoa resho, nikatoa kisu, nikachuna ala ya waya, nikaukata uzi mmoja.

"Yesu na Maria!" Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la maharagwe. "Unakata kamba ya resho yangu juu ya nini?"

"Nitaifunga tena, Mama."

"Ilikuwa nzima! Madame, ilikuwa nzima!"

Nilifunga nyuzi kwenye sindano za chombo, nikachomeka resho. Kwenye tundu la ampea kubwa imeandikwa usizidishe sekunde kumi, kwa hiyo nilisoma mbio na kuchomoa. Kumi na tatu nukta sita. Nilifikiri nimeona vibaya. Nikarudia. Kumi na tatu nukta sita.

Nilipiga magoti sakafuni nikaandika kwa chaki kwenye saruji. Mia mbili na kumi na nane gawanya kwa kumi na tatu nukta sita: omu kumi na sita. Kwa kibandiko, resho ile ilipaswa kuwa na omu thelathini na mbili. Nusu yake ilikuwa imepotea. Nikazidisha: karibu wati elfu tatu. Resho ya wati elfu na mia tano ilikuwa inakula mara mbili, peke yake, bila pasi ya mtu yeyote.

"Mama," nilimwuliza, "huu waya wa ndani, umeshakatika mara ngapi?"

"Oh, mara mingi. Kila ikikatika, fundi wa kwa soko anaunganisha. Anasokota tu, anarudisha."

"Anatoa kipande?"

"Pale penye kuungua, anatoa. Halafu nakuambia kintu, Madame," na hapo uso wake ukang'aa kwa fahari, "kila akitengeneza, inazidi nguvu. Zamani maharagwe ilikuwa inachukua asubuhi yote. Sasa mbio tu."

Nilitaka kumkumbatia. Yote yalikuwa pale. Waya ule mwembamba kazi yake ni kuuzuia umeme. Kila ukifupishwa, unazuia kidogo zaidi, na umeme unapita kwa wingi zaidi. Ndiyo maana maharagwe yanaiva upesi. Ndiyo maana waya unakatika upesi tena. Na ndiyo maana fyuzi inaungua asubuhi: jioni volti zinashuka hadi mia na hamsini hivi, na resho ile ile inavuta ampea tisa na kitu, fyuzi inavumilia. Asubuhi umeme ukijaa, inavuta kumi na tatu na zaidi. Nilimweleza yote, nikiwa bado nimepiga magoti, nikimwonyesha kila mstari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Kintu kya kukatika-katika, njo kinazidi nguvu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kamba ikiwa fupi inavuta mingi, ikiwa murefu inavuta kidogo."

"Njo hivyo."

"Madame, unatuona bajinga?"

Nilirudia. Nilimpa mfano wa njia fupi na njia ndefu, watu wangapi wanapita. Nilimpa mfano wa bomba. Kila mfano ulizidi kumkera. Mwishowe akaweka bakuli chini, akanyoosha kidole ukutani, mahali ambapo hesabu yangu ya kwanza ilikuwa bado imeandikwa, haijafutwa.

"Ile siku ulisema ni fer. Uliandika pale. Papa wa batu akatia robe, ile gauni ya mutoto, tundu. Leo unasema ni resho. Kesho utasema ni radio?"

Niliunganisha uzi nilioukata, nikauzungushia utepe kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuzungusha kitu, nikarudi nyumbani. Hesabu ya pili ilikuwa sahihi kabisa na haikuwa na faida yoyote, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imekwisha kula imani yote.

Jumatatu nilirudisha chombo saa moja na robo. Mchana nilipofika nyumbani, shemeji yake mama, mtu anayejulikana mtaani kwa kutengeneza kila kitu, alikuwa amekwisha kupita. Alikuwa ametoa uzi mwembamba wa fyuzi na kuweka mahali pake kipande cha waya wa shaba, mnene kama njiti ya kiberiti. "Hii haitaungua tena mpaka kiama," alikuwa amewaambia.

Na haikuungua. Mama alifurahi, na fundi akarudisha pasi yake ya umeme. Parseli ikawa na amani, mimi peke yangu ndiye niliyekosa usingizi. Nilimwambia mama: fyuzi iliwekwa ili iungue yenyewe, nyumba isiungue. Alinijibu kwa upole, kama unavyomjibu mgonjwa, kwamba nipumzike. Nilimwendea shemeji. Alinisikiliza huku anatazama simu, akasema, "Madame, mambo ya kitabu na mambo ya kazi ni bintu bibili." Nilimwambia mume wangu Jumamosi, akaenda akatazama, akashika waya wa ukutani, akauondoa mkono haraka. "Ni moto," alisema. Lakini hata yeye hakutaka kugombana na mwenye parseli kwa ajili ya waya.

Siku ya Alhamisi asubuhi, resho ikiwa inapika na pasi ikiwa inafanya kazi, nilisikia harufu. Harufu ya plastiki inayoungua huwezi kuichanganya na nyingine. Nilikimbia koridoni. Waya unaoshuka kutoka kaunta ulikuwa umelainika kama mshumaa, ala yake inadondoka, na pazia la mama lilikuwa limeanza kuwa jeusi pembeni. Nilivua kanga kiunoni, nikazungushia mkono, nikashusha swichi kubwa. Fundi alikuja na ndoo ya maji; nilimpigia kelele asimwage, akasimama nayo juu kichwani kama sanamu. Nikang'oa pazia, nikalikanyaga uani. Basi, ndiyo hayo tu. Hakuna aliyeumia. Ukuta ulibaki na alama nyeusi yenye urefu wa mkono.

Tulikaa bila umeme siku kumi na tisa tukiwangoja watu wa umeme. Kila mlango ulitoa mbabula yake, jiko la mkaa, nje, na uani moshi wa makala ulitutoa machozi wote watatu. Mimi nilikuwa na maneno mengi kuhusu resho, nikayameza na moshi.

Hatimaye fundi wa umeme akaja, kijana mwenye kofia ngumu. Alibadilisha waya, akabadilisha fyuzi, kisha akauliza tunapika na nini. Mama akamletea resho. Akaiwasha, akautenganisha uzi mmoja mahali pale pale nilipokuwa nimeuchuna na kuuzungushia utepe, akauzungushia chombo chenye mdomo kama koleo, bila kukata chochote, akasoma, akazima. Sekunde tano.

"Mama, resistance yako, huu waya, imekuwa courte, fupi sana," alisema. "Inavuta mingi. Badilisha."

"Kumbe!" mama alisema. "Aksanti, papa. Aksanti sana. Hakuna muntu alituambia."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Niligeuka nikaingia kwangu, nikaosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Kwa fundi wa nguo nilienda kesho yake. Nilikuwa nimechelewa mno, najua. Nilimwambia: "Papa, nilikosa. Nilisoma kibandiko, sikupima. Unisamehe."

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. "Ile robe nilibadilisha kifua yote," alisema. "Kitambaa yangu. Mama ya mutoto akachukua, hakurudi tena." Akakata uzi kwa meno. "Sasa, Madame, kwa sababu unapimaka. Hii fer, jioni inakataa kupata moto. Client anasema mi mwenyewe njo mvivu."

Wakati huo nilikuwa nimejinunulia multimita yangu sokoni, ya njano, ya bei ya chini. Nilirudi kwake saa kumi na moja jioni. Safari hii nilimweleza kabla ya kugusa kisu, na akaniambia, "Kata." Volti: mia na hamsini na tano. Ampea: tatu nukta mbili. Nilizidisha mbele yake, kwa sauti, naye akafuata kwa kidole. Wati mia nne na tisini na sita. Pasi ya wati elfu ilikuwa inafanya kazi kwa nusu, na haikuwa imeharibika hata kidogo; umeme wenyewe ndio ulikuwa haufiki.

Alifikiri. "Kwa hiyo mi si mvivu."

"Hapana, Papa."

"Uniandikie."

Nilipima tena asubuhi, kisha nikamwandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa herufi kubwa: volti za asubuhi, volti za jioni, wati za asubuhi, wati za jioni, na chini kabisa nikaweka saini, kwa kuwa alisisitiza. Aliibandika ukutani juu ya meza ya kupigia pasi.

Nilikuwepo siku aliyoitumia mara ya kwanza. Mteja alikuwa mwanaume mwenye haraka, amekuja jioni kuchukua suruali ambayo haijapigwa pasi. Fundi alimwonyesha karatasi kwa kidole. Yule bwana akaisogelea, akaisoma yote, mdomo ukicheza, mpaka kwenye saini yangu. Halafu akageuka.

"Sawa," alisema. "Na suruali yangu?"